Niuze mpunga ninunue valvu? Hesabu ya amplifaya niliyopiga na mzee wa Mbarali

Wengi mmezoea kunisikia nikizungumzia mbolea ya kukuzia, viwavijeshi na mifuko ya kuhifadhia nafaka. Leo naomba mnivumilie, maana swali nililopewa linahusu mpunga lakini jibu lake liko kwenye umeme. Swali lenyewe ni hili: je, ni busara kuuza gunia 12 za mpunga mwezi wa nane, bei ikiwa chini, ili kijana atengeneze amplifaya za valvu?

Ninaposema valvu simaanishi ile ya tairi wala ya bomba la maji. Namaanisha zile chupa ndogo za kioo zilizokuwa zikiwaka rangi ya chungwa nyuma ya redio za mabibi na mababu zetu. Marehemu baba yangu alikuwa fundi redio mjini Mbeya na aliziita taa tu. "Leta taa ya pato," ananiambia, nami namletea ile ndefu kuliko zote. Nimekulia kwenye harufu ya risasi ya kulehemu kabla sijajua harufu ya samadi, ndiyo maana mzee yule aliamua kunipigia mimi na si mwingine.

"Bwana shamba," akasema, "huyu mdogo wako amemaliza VETA, amekuja na daftari. Anataka gunia 12. Anasema wapiga gitaa wa mjini wanazitafuta hizi amplifaya za zamani. Mimi mpunga wangu nilitaka uvuke mpaka Februari. Uingie kwenye chupa za kioo?"

Wakati ule gunia lilikuwa likiuzwa 90,000 pale kijijini. Gunia 12 ni shilingi 1,080,000. Mzee alikuwa na gunia 27 zote kwa jumla, na humo ndani mlikuwa na chakula cha nyumba, mbegu na ada ya binti wa kidato cha tatu. Kwa hiyo hili halikuwa jambo la mchezo.

Nilikwenda Jumamosi. Kijana alinisalimia shikamoo, akanipa kigoda, akafungua daftari. Nakiri lilikuwa limepangwa vizuri kuliko madaftari mengi ya vikundi ninavyovitembelea. Alitaka kutengeneza amplifaya nne kwa mpigo, kila moja 260,000: valvu ya pato 55,000, valvu ya mbele 45,000, usafirishaji 30,000, transfoma ya umeme ya kuzungushiwa na fundi 50,000, transfoma ya spika 40,000, kapasita na resista 25,000, kasha na soketi 15,000. Jumla 1,040,000. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila anayetaka kulima tikiti: mnunuzi wako ni nani? Akanijibu "wapiga gitaa". Nikamwambia wapiga gitaa si mtu. Nataka mtu.

Kabla ya kueleza tulivyomaliza, ngoja niwaeleze kitu hiki ni nini, kwa sababu nimeona vijana kadhaa wakivutwa na picha za simu bila kujua ndani kuna nini.

Valvu inavyofanya kazi

Ndani ya chupa hakuna hewa. Katikati kuna waya wa joto, na umezungukwa na bomba dogo la chuma linaloitwa kathodi. Kathodi ikipata moto inatoa elektroni, kama maji ya moto yanavyotoa mvuke. Kwa nje kuna bamba linaloitwa anodi, lenye volti nyingi chanya, ambalo linazivuta elektroni. Katikati ya hivyo viwili kuna kichujio cha waya, gridi. Volti kidogo sana kwenye gridi inazuia au kuruhusu mtiririko mkubwa, kama mlango wa mfereji wa umwagiliaji: mtoto anaweza kuuinua kwa mkono mmoja, lakini maji yanayopita yanajaza jaruba zima. Gitaa linatikisa gridi, mtiririko unafuata, spika inalia.

Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza mwaka 1904, ikiwa na kathodi na anodi tu. Miaka miwili baadaye Lee de Forest wa Marekani akaongeza kile kichujio cha katikati, na hapo ndipo ukuzaji wa sauti ukawezekana. Transista ilikuja Desemba 1947 kwenye maabara za Bell, Marekani, na ndani ya miaka michache ikaanza kuziondoa valvu kwenye redio.

Iliziondoa kwa sababu nzuri, na sababu hiyo inamhusu mkulima moja kwa moja. Mwaka 1949 kule Lusaka, enzi za Rhodesia ya Kaskazini, ilitolewa redio ya bei nafuu kwa ajili ya watu wa vijijini. Ilikuwa na valvu nne na kasha la mviringo kama sufuria, hata ikaitwa kwa jina la sufuria. Aliyeipigania ni Harry Franklin, mkuu wa habari wa serikali ya huko. Iliuzwa paundi 5. Lakini betri yake iliuzwa kando, na ikiisha unanunua nyingine. Valvu inakula umeme hata pale redio inaponong'ona, kwa sababu ule waya wa joto hauzimiki. Mwenye kibanda cha solar anaelewa ninachosema.

Hesabu ya umeme

Tuchukue amplifaya ndogo kabisa aliyoichora kijana: valvu moja ya pato aina ya EL84 na moja ya mbele aina ya ECC83. Waya wa joto wa EL84 unataka volti 6.3 na ampia 0.76, ni kama wati 4.8. ECC83 inataka volti 6.3 na ampia 0.3, karibu wati 1.9. Anodi na gridi ya pili zinakula karibu wati 14. Ukiweka na upotevu wa transfoma, ukutani unavuta kama wati 30. Sauti inayotoka kwenye spika? Wati 5 na ushee.

Kwa hiyo wewe mwenye duka unayetaka kupiga muziki wa simu nje ya kibanda ili wateja wasogee, au unayetangaza mnada, usiguse valvu. Nunua amplifaya ndogo ya transista inayokubali betri ya volti 12. Itakupa wati 20 au 30 kwa umeme ule ule, haivunjiki ikianguka kutoka kwenye bodaboda, na fundi yeyote anaijua. Hili nalisema bila kusitasita hata kama masikio yangu yanapenda valvu.

Aliye tofauti ni mpiga gitaa. Transista ikizidiwa, sauti inakatika ghafla na kukwaruza. Valvu ikizidiwa inaanza kukoroma polepole, na mpiga gitaa anautumia huo mkoromo kama sehemu ya muziki wake. Kwake yeye amplifaya ni nusu ya ala yenyewe. Ndiyo maana analipa.

Halafu kuna jambo la wati ambalo linawapoteza watu wengi. Spika nyingi za gitaa za inchi 12 zinatoa karibu desibeli 97 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Kwa wati 5 unafika 104, na hiyo ndani ya chumba ni kelele kamili. Ukitoka wati 5 ukaenda wati 50, umeongeza mara kumi, lakini sikio linasikia kama mara mbili tu. Ni kama mbolea: mfuko wa kwanza unauona shambani, wa nne unauona kwenye deni. Kijana alikuwa anawaza kupanda hadi EL34 mbili kwa sababu "zina nguvu". EL34 moja waya wake wa joto unakula ampia 1.5, karibu mara mbili ya EL84, na transfoma zake zote mbili zinakuwa kubwa, nzito na ghali. Nikamwambia kwanza tuone EL84 itamshinda nani.

Kuchagua valvu ya pato

Ukianza kubuni amplifaya, usianzie kwenye valvu. Anzia mwisho wa safari: spika gani, chumba gani, nani anapiga. Baada ya hapo rudi nyuma.

Kwa wati 5 kuna njia mbili za kawaida, EL84 na 6V6. 6V6 ni ya Kimarekani, ina miguu minane mikubwa, inakula umeme mdogo wa joto, ampia 0.45 tu, na inavumilia. Lakini kwa volti 250 gridi yake inataka kusukumwa kwa volti 12.5, wakati EL84 inatosheka na 7.3. Maana yake EL84 inahitaji ukuzaji mdogo mbele yake, na ECC83 moja inatosha, kwani ndani ya chupa moja ina valvu mbili ndogo. Tena EL84 ilitumika sana kwenye redio za mezani za Ulaya kuanzia miaka ya 1950, kwa hiyo mtu akitafuta kwenye stoo za mafundi wazee anaweza kuipata, pamoja na soketi yake. Mimi ningechagua hiyo, na tulichagua hiyo.

Kisha unaweka kiwango cha kazi. Kitabu cha EL84 kinasema anodi isizidi wati 12. Ukiipa volti 250 na miliampia 48, zidisha: ni 12 kamili. Hapo ndipo mwisho. Ili mtiririko ubaki hapo, unaweka resista chini ya kathodi. Miliampia 48 za anodi na 5.5 za gridi ya pili ni 53.5, na resista ya omu 135 inakupa zile volti 7 za kuishikilia gridi. Dukani 135 huipati, weka 150, valvu inapumua kidogo na inadumu zaidi. Ni sawa na kupanda kwa nafasi. Kuna wanaoisukuma EL84 hadi volti 350 kwa sababu wameona fulani kafanya. Huyo fulani ananunua valvu kila msimu.

Upande wa spika ndiko kuna ufundi. EL84 inataka kuona omu 5,000 hivi, na spika ni omu 8. Anayewaunganisha ni transfoma, na uwiano wa mizunguko yake unatakiwa kuwa 25 kwa 1, kwa sababu 25 mara 25 mara 8 ni 5,000. Sasa angalia: transfoma ya kawaida ya volti 230 kwenda 9 ina uwiano wa aina hiyo. Kijana alishaligundua hilo mwenyewe, nikafurahi. Ila kuna mitego miwili. Kwanza, transfoma ndogo iliyoandikwa volti 9 mara nyingi inatoa 10 au zaidi isipobebeshwa mzigo, kwa hiyo pima bila mzigo, gawanya, usiamini karatasi. Pili, kwenye amplifaya ya valvu moja ya pato, mtiririko wa moja kwa moja unapita kwenye transfoma muda wote na kuishibisha chuma chake. Inabidi ufungue vibati, vile vyenye umbo la E uvipange vyote upande mmoja na vya I upande mwingine, kisha uweke karatasi nyembamba katikati. Zilizochomelewa hazifai, tafuta zilizofungwa kwa bolti. Chukua kubwa, ya VA 25 au zaidi. Besi itapungua, lakini noti ya chini kabisa ya gitaa la kawaida ni hezi 82, kwa hiyo mpiga gitaa hataona pengo. Kwa kusikiliza kwaya kutoka kwenye kanda usifanye hivi, nunua transfoma iliyozungushwa kwa kazi hiyo.

Njia hiyo ilishusha ile 40,000 ya daftarini hadi 18,000.

Umeme wa kijijini

Hapa ndipo nilipoona vitabu vya wenzetu havitoshi. Wao wanaandika kana kwamba ukutani kuna volti 230 usiku na mchana. Nilimwambia kijana akae na mita siku tatu, aandike kila baada ya saa mbili. Mashine za kukoboa zikiwa kazini mchana, alipata 180. Usiku wa manane, 246.

Waya wa joto wa valvu unataka 6.3, ukizidi au kupungua zaidi ya asilimia 10 hivi unaidhuru. Kwa volti 180 ukutani, ile 6.3 inashuka hadi 4.9. Kathodi inakuwa baridi, sauti inafifia, na valvu inachakaa mapema. Kwa 246 inapanda hadi 6.7, hiyo inavumilika. Suluhisho la zamani lipo: transfoma za redio za kale zilikuwa na vituo kadhaa vya kuingilia, 200, 220, 240, na mwenye redio alihamisha plagi kulingana na umeme wa kwake. Tulimwambia fundi wa kuzungusha aweke vituo 190, 220 na 240, na swichi ya kuchagulia ikae ndani ya kasha, siyo nje ambako mtoto ataichezea. Kama una stabilaiza inayofanya kazi kweli, tumia hiyo.

Upande wa pili wa transfoma ulikuwa wa volti 200, na ukipita kwenye daiodi nne za 1N4007 na kapasita unapata kama 265 baada ya mzigo. Kuna wajanja wanaoruka transfoma na kuunga daiodi moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani ili kuokoa 50,000. Usikubali. Nyaya za gitaa zinamgusa mtu mikononi, na mara nyingi midomo yake iko kwenye maiki. Transfoma ndiyo inayomtenga na nguzo ya umeme. Amplifaya ya namna hiyo si ya kuuza wala ya kupewa bure.

Na hata yenye transfoma, volti 265 za moja kwa moja zinaua, na zinabaki kwenye kapasita baada ya kuchomoa plagi. Weka resista ya omu 220,000 ya wati 2 sambamba na kapasita. Kapasita za jumla ya maikrofaradi 100 zitakuwa zimemwaga karibu zote baada ya dakika 2. Baada ya hapo pima kwa mita, ndipo uingize kidole. Baba alikuwa akifanya vipimo mkono mmoja ukiwa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Nilimfanya kijana avae suruali yenye mfuko. Akacheka, lakini akavaa.

Jambo jingine: usiwashe amplifaya ya valvu bila spika. Ukipiga gitaa bila mzigo, transfoma ya pato inarusha volti nyingi sana na inaweza kutoboka ndani kwa ndani.

Kununua: fikiria mbegu

Sasa tuje kwenye soko, kwa sababu hapa wafanyabiashara mtaelewa haraka. Viwanda vinavyotengeneza valvu leo ni vichache mno: JJ kule Čadca, Slovakia, kiwanda cha Saratov, Urusi, na vichache vya China. Ndiyo sababu Machi 2022, Urusi ilipotangaza kuzuia bidhaa kadhaa kutoka nje ya nchi, valvu zikiwemo, bei zilipanda dunia nzima. Ukianza biashara inayotegemea pembejeo ya namna hii, kumbuka huwezi kuilima mwenyewe.

Majina ya kale yanauzwa kama dhahabu. Mullard wa Uingereza walikuwa na kiwanda kikubwa Blackburn, na valvu zao za zamani zinatafutwa. Lakini jina la Mullard leo linamilikiwa na kampuni ya Marekani, na valvu mpya zenye jina hilo zinatengenezwa Saratov. Si wizi, ni alama ya biashara iliyouzwa. Wizi ni pale mtu anapofuta maandishi ya valvu ya kawaida na kupaka jina la kale. Rafiki wa kijana huyu aliagiza "Mullard ya zamani" moja kwa muuzaji wa mtandaoni kwa 140,000. Ilipofika, tulipitisha kidole gumba chenye unyevu, herufi zikatoka zote. Rangi kutoka peke yake si ushahidi, kwani hata maandishi halisi hufutika. Cha kuangalia ni alama ndogo za kijivu zilizochomwa kwenye kioo chenyewe, kwa chini: za Blackburn, mstari wa pili unaanza na herufi B. Ile haikuwa na alama yoyote. Ni kama mfuko wa mbegu wenye picha nzuri ya hindi lakini hauna lebo ya TOSCI ya kukwangua.

Valvu za zamani za Urusi zenye maandishi 6П14П zinakaa mahali pa EL84 bila shida, na ni imara. Lakini 6Н2П, ambayo wauzaji wanaisema ni "sawa na ECC83", nyaya zake za joto zimepangwa tofauti miguuni. Ukiichomeka kwenye soketi ya ECC83 haitafanya kazi inavyotakiwa mpaka ubadilishe nyaya.

Ukishika valvu iliyotumika, angalia doa linalong'aa kama fedha juu ya kioo. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, itupe. Ikiwa inawaka, mwanga wa samawati unaocheza kwenye ukuta wa kioo hauna neno. Mwanga wa zambarau au waridi katikati ya vyuma ni dalili ya gesi. Na anodi yenyewe ikianza kuwa nyekundu, zima mara moja. Mara nyingi mkosaji ni kapasita inayoleta sauti kwenye gridi ya pato, imeanza kuvuja, na valvu nzuri inauawa na kitu cha shilingi 500.

Tulivyoamua

Mzee alisikiliza yote haya akiwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Akauliza, "Kwa hiyo gunia ngapi?" Nikasema tatu, tena baada ya kijana kuleta mtu mwenye jina na malipo ya awali. Kijana hakufurahi. Alisema nne kwa mpigo zinapunguza gharama ya usafirishaji, na kweli zinapunguza, hesabu yake ilikuwa sahihi. Lakini anayebeba hatari si yule anayeokoa nauli. Binti wa kidato cha tatu alikuwa ndani akisikiliza, nilimuona mlangoni.

Ilichukua wiki tatu kumpata mtu: mpiga gitaa wa bendi ya kanisa mjini Mbeya, aliyekubali 430,000 na kutanguliza 150,000. Gunia tatu zikauzwa. Kazi ilichukua wiki tano, mbili kati ya hizo ni kusubiri mzigo. Mwishowe gharama ilifika 251,000, kwa kuwa kiberiti cha fyuzi na nyaya zenye ganda la kuzuia muungurumo havikuwa kwenye daftari. Baki ni 179,000 kwa wiki tano za kijana. Si haba, wala si utajiri. Ya pili bado haijapata mtu mpaka ninapoandika. Anachopata zaidi sasa ni kazi za kuzungusha upya transfoma za stabilaiza, maana watu waliona vituo alivyoweka. Gunia nyingine tisa zilibaki stoo, mzee alizipeleka sokoni Februari kama alivyotaka.

Kwa wale wenye redio ya valvu ya babu juu ya kabati: msiwauzie wa vyuma chakavu kwa kilo, na msiichomeke ukutani kuona kama inalia. Kapasita zake za karatasi zimekufa hata kama haijaguswa miaka 40. Mpelekee fundi, mwambie aiwashe kwa mara ya kwanza ikiwa imeungwa kwa mfululizo na balbu ya kizamani ya wati 60, siyo ya LED. Balbu ikiwaka kwa nguvu na isififie, ndani kuna kilichogusana, azime. Ikiwaka kisha ikafifia, aendelee na kubadilisha kapasita ya gridi ya pato kwanza, halafu zile za umeme. Transfoma zake, soketi na EL84 iliyo hai ni vitu ambavyo kijana wa Mbarali na wenzake wanalipia, na wanalipa zaidi ya bei ya kilo ya bati.